Nambari Anayorudi Nayo Maysun

Jumapili, 13 Oktoba

Daftari hili nimepewa na binti yangu Maysun niandike nambari tu: asubuhi gari likitoka, betri ina asilimia ngapi; alasiri likirudi, imebaki ngapi. "Mama, nambari mbili kwa siku, usije ukaniandikia hadithi," aliniambia. Sasa mimi niliyesoma mpaka darasa la sita, tena nikawa wa kwanza kati ya wasichana thelathini na mmoja, nipewe karatasi nyeupe inayopendeza hivi, niandike nambari mbili nifunge? Nambari nitaandika. Na mengine nitaandika.

Maysun ni mwalimu wa fizikia. Narudia, wa fizikia. Alisubiri miaka tisa jina lake lipande foleni ya serikali, na lilipofika juu wakampangia shule ya chini kabisa, Ghor, bondeni kwenye joto na nyanya, na sisi tunakaa huku juu ukingoni mwa milima ya Karak, ambako Oktoba haijaisha ushaanza kutafuta sweta. Mwaka huu wa kwanza ni wa majaribio. Akikosa kazini zaidi ya siku saba, jina linarudi mwisho wa foleni. Mafua ya Septemba yameshakula siku tatu.

Basi kila siku anashuka na kupanda kwa gari lake la umeme, dogo, jeupe, lililotumiwa na wengine huko mbali kabla ya kutufikia, na betri yake imechoka kama magoti yangu. Anabeba na wenzake wawili: Ibtisam, mama wa watoto watano, na Rula, ambaye hajaolewa. Shuleni haruhusiwi kuchaji, ati waya utawaangusha watoto. Kwa hiyo umeme wote unatoka hapa kwangu, kwenye soketi ya jikoni, unapita dirishani.

Katoka na themanini. Karudi na kumi na mbili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Themanini. Kumi na moja. Nimechuma zeituni kutwa, mgongo si wangu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefua kwa mikono. Gari likiwa linachaji, mashine ya kufulia haiwashwi, pasi haiwashwi, birika la umeme haliwashwi. Ukiwasha kimoja tu fyuzi inaruka na nyumba nzima inakuwa kaburi. Tangu marehemu baba yake Maysun atutoke miaka minne iliyopita sijawahi kuishi kwa kuiogopa soketi hivi. Lakini nani mwingine kijijini ana binti anayeendesha gari kwa maji ya bomba la jikoni? Najua si maji. Nasema tu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Leo Maysun amenipeleka mjini kukamua zeituni, nikamtazama anavyoendesha. Jamani! Nimepanda magari ya wanaume miaka hamsini na tisa, wote wanaendesha kama wanakimbizwa na mwenye shamba. Huyu anakanyaga kwa kidole, kama unavyobonyeza unga uone kama umeumuka. Haendi mbio hata barabara ikiwa tupu. Akiona gari mbele linapunguza mwendo, yeye kaanza kuachia mguu tangu mbali, hagusi breki. Magurudumu anayapima upepo kila Ijumaa. Ameivua ile fremu ya mizigo ya juu ya paa, ati inashika upepo, na kwenye buti amenitolea mkeka, dumu la maji, viatu vyangu vya shambani na begi la sadaka. "Kila kilo, Mama, inapanda mlima na mimi."

Kisha akanionyesha maajabu. Kwenye mteremko anaachia mguu kabisa, gari linajizuia lenyewe, na ule uzito wa kushuka unageuka umeme unarudi kwenye betri. Nimeona kwa macho yangu: tulianza mteremko na hamsini na nne, tukamaliza na hamsini na saba. Nilipiga makofi. Ndiyo maana kila asubuhi anatoka na themanini tu, anafika chini ya mlima na tisini na sita. Kinachomla ni kurudi. Kupanda kunakula kama harusi.

"Sasa si ujaze mia kabisa uondoke nayo?" nikamuuliza.

"Betri ikijaa, Mama, haina pa kuweka umeme wa mteremko. Inaukataa. Hapo gari halijizuii tena, inabaki breki ya mguu peke yake mlima mzima. Na faida ninayoipata ni nne tu."

Nilisema nimeelewa. Nilielewa ile nne.

Ijumaa, 1 Novemba

Wifi yangu Fadwa kaja kunywa chai. Mwanawe Muhannad ana pikapu ya dizeli, basi Fadwa hawezi kuketi dakika tano bila pikapu hiyo kuketi naye.

"Wifi, lile gari lenu la kuchezea watoto limelala? Au bado linanyonya?"

"Linanyonya," nikamwambia, "ndiyo maana halinuki kama la mwanao."

"Maysun kakonda. Mtu gani anashuka na kupanda mlima kila siku kwa betri ya tochi? Mwambie aache, Muhannad anamtafutia kazi dukani kwa rafiki yake."

"Duka! Mwalimu wa fizikia akapime sukari?"

Tukacheka, lakini alipoondoka nilibaki na uchovu ambao si wa zeituni. Kukonda amekonda kweli.

Jumanne, 5 Novemba

Themanini. Tisa. Wazazi wa Ghor wamempa maboksi mawili ya nyanya na moja la biringani. Kukataa huwezi, mtu amesimama mlangoni mwa shule na mke wake na bibi yake. Ibtisam alishika boksi moja mapajani njia nzima, anasema alihisi kama amebeba mimba ya sita. Nimekaanga nyanya na vitunguu saumu, tumekula na mkate. Tamu. Zimetugharimu asilimia mbili.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo, nikamshukuru Mungu, kisha nikakumbuka gari. Betri hii ikipigwa na baridi inakuwa mvivu, na hita ya gari ndiyo mlafi kuliko wote. Kwa hiyo hawawashi. Nimewapa blanketi tatu na chupa ya maji ya moto kila mmoja. Maysun anapasha gari joto kidogo likiwa bado kwenye waya wangu, joto hilo linatosha hadi kona ya pili.

Ibtisam akaniita kupitia dirisha la gari: "Ummu Maysun! Mwambie binti yako aniwashie hita dakika tano tu, nitamlipa kwa dua!"

Maysun akajibu, "Dua zako, mwalimu, zina joto gani kwa nyuzi?"

Karudi na saba. Mikono yake nilipoishika ilikuwa kama imetoka kisimani.

Jumatatu, 18 Novemba

Themanini. Saba. Mikono baridi.

Jumanne, 19 Novemba

Themanini. Sita. Ukungu. Nimeamka kabla ya adhana kutazama nambari, kama mtu anayetazama joto la mgonjwa.

Jumapili, 24 Novemba

Themanini na mbili. Sita.

Jumatano, 27 Novemba

Saa kumi ilifika bila gari. Saa kumi na nusu ikafika bila gari. Nilisimama barazani na mwavuli wa marehemu mpaka miguu ikaganda, halafu nikaliona linatoka konani likitambaa, polepole kuliko punda wa Abu Nayef, na nyuma yake foleni ya malori yanapiga honi. Kumbe upepo wa mbele umelila njia nzima, na betri ikikaribia mwisho gari lenyewe linagoma kukimbia. Maysun hakupiga honi, hakugeuka. Amenyoosha shingo kama anabeba maji kichwani.

Karudi na moja. Naandika tena nisije nikasahau. Moja.

Ibtisam na Rula walishuka bila utani. Maysun akachomeka waya, akaingia, akakaa na koti lake karibu na jiko letu la kuchoma mashudu ya zeituni. Nikamwekea supu ya dengu, kijiko kikamtetemekea mkononi. Nilivishika vile vidole, vilikuwa kama havina damu.

"Mwanangu, hakuna njia nyingine?"

"Njia gani, Mama?"

Aliniangalia kama anataka kusema jambo, kisha akala supu. Mimi nikaanza kufikiria ile nne.

Alhamisi, 28 Novemba

Themanini na tano. Tano. Nilimwambia waziwazi: nne si kitu kidogo kwa mtu aliyerudi na moja. Akanijibu kwa sauti ya darasani: "Mama, themanini na tano, unachomoa. Usinijazie. Niahidi." Nikasema haya.

Jumapili, 8 Desemba

Sijui nianze wapi. Mkono unaandika vibaya, nisameheni, ingawa sijui namwomba nani.

Leo ilikuwa siku ya mtihani wa mwezi, na mwalimu mkuu wa Ghor alikuwa anamtarajia. Nilikwishajaza madebe mawili ya mafuta yetu mapya ya zeituni, moja la mwalimu mkuu, moja la wale waliotupa nyanya. Alfajiri nikaamka. Gari lilikuwa themanini na tano. Nje ukungu umeshika hadi mlangoni, baridi inauma meno. Nikaushika ule waya. Nikaufikiria ule mkono wake na kijiko. Nikauacha.

Nilisema nitauacha kidogo tu. Nikawasha jiko, nikaswali, nikakanda mikate, nikapakia madebe kwenye buti mwenyewe kimyakimya chini ya blanketi. Mimi mama ambaye sijawahi kumtoa mgeni mlangoni mwangu bila kumjazia mikono, nimtoe binti yangu mlimani na betri pungufu? Ilipofika mia nilifurahi. Namwandikia Mungu ukweli: nilifurahi kama nimemvisha dhahabu.

Wenzake walikuwa wameshaingia garini, wamechelewa. Maysun akaketi, akatazama dashibodi. Akatazama dirisha la jikoni. Kisha akanitazama mimi. Akasogeza kiti, akashika usukani, wakaondoka.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Rula. Mteremko ulipoanza Maysun aliachia mguu, na gari halikujizuia, likaanza kukimbia lenyewe. Akashika breki. Akaenda taratibu kweli, malori yanampita, lakini watu watatu na madebe mawili na mlima mzima juu ya breki ya mguu! Akasimama mara mbili zipoe. Mara ya tatu hakukuwa na pa kusimama. Ibtisam alisema, "Nani anachoma sufu?" Halafu moshi ukatoka kwenye magurudumu ya mbele. Maysun akasema kwa utulivu, kama anawaambia wanafunzi wafungue ukurasa: "Shikeni viti. Breki imelainika, haishiki." Upande wa kushoto ni korongo. Akalibana gari upande wa kulia, kwenye ukuta wa mlima, akalisugua kwenye changarawe na mawe mpaka likachoka, likasimama limeinama kwenye mfereji.

Ibtisam alikuwa ameweka mkono kwenye dashibodi. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Rula hana kitu ila kilio. Maysun ana jeraha kwenye nyusi. Debe moja limepasuka, wametoka wote wamelowa mafuta ya zeituni kama samaki wa kukaanga.

Muhannad aliwachukua kwa pikapu hadi hospitali. Nilipofika, askari alikuwa anamwuliza Maysun kilichotokea. Akasema, "Nilisahau kuchomoa waya. Betri ilijaa." Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika mkoba. Sikufungua mdomo.

Jumatatu, 9 Desemba

Hakwenda kazini. Hiyo ni ya tano.

Jumanne, 10 Desemba

Ya sita. Imebaki moja.

Gari limevutwa kwa fundi, tumekwenda kulitazama. Fundi ni Abu Laith, mtu mpole mwenye masharubu yanayoficha maneno. Akatoa vile vyuma vya breki, vyeusi, vimekuwa kioo. "Hizi zililala mwaka mzima kwa sababu mwalimu haendeshi kwa breki," akasema, "halafu siku moja mkaziamsha kwa fimbo. Nani alilijaza gari hili mlimani?"

"Mimi," Maysun akasema. "Nilisahau."

"Wewe husahau?" Abu Laith akasema. Akanitazama mimi, au nilidhani ananitazama.

Fadwa alikuwa nasi, kwa kuwa tumekuja na pikapu. Akaguna. "Nilisema mimi. Usukani una wenyewe. Mtoto wa watu kavunjika mkono kwa ujuaji wa mtu."

Maysun akainama kama anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Alhamisi, 12 Desemba

Anakwenda kazini na Muhannad, pikapu inanguruma kama imeudhiwa. Anarudi na mikono yenye joto na uso uliofungwa. Kijiji kizima kinasema binti ya Ummu Maysun hajui kuendesha. Mimi niliyemsifu dukani, kisimani na msibani nimekaa ndani. Sina nambari ya kuandika.

Ijumaa, 13 Desemba

Leo wanaume wetu walikwenda kwa mume wa Ibtisam, Abu Hamza, kuomba radhi kama inavyopasa mtu anapoumia mkononi mwa mtu. Walitangulia kumi na wawili, na shemeji yangu Abu Muhannad, mume wa Fadwa, mbele, wamevaa majoho. Wanawake tukaingia mlango wa nyuma: mimi, Fadwa na shangazi wawili wa kijiji. Maysun alibaki nyumbani. Aliye na kosa hapelekwi.

Chumba cha wanaume na chetu vimetenganishwa na pazia tu. Tukamsikia Abu Hamza anawakaribisha, tukasikia kikombe cha kahawa kinawekwa mezani mbele ya shemeji yangu. Kikombe hicho hakinywewi mpaka ombi likubaliwe. Likikataliwa, kahawa inapoa, watu wanaondoka na aibu yao.

Shemeji akaanza: "Tumekuja kwa ajili ya binti yetu, aliyezembea..."

Neno hilo lilinipata mbavuni.

Huku kwetu Ibtisam alikataa kuhudumiwa. Akaja mwenyewe na dele la kahawa. Sasa dele hushikwa kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa wa kulia, na huo wa kushoto ndio uliofungwa plasta. Akamimina kwa mkono usiozoea, dele likamponyoka kidogo, kikombe changu kikajaa mpaka ukingoni.

Wale shangazi wakatazamana. Kwetu mgeni anamiminiwa kidogo, tone la chini ya kikombe, anyweshwe tena na tena. Kikombe kilichojaa ni kumwambia mtu kunywa uende zako.

"Yuu! Ummu Maysun, si kukufukuza," Ibtisam akacheka, akawa mwekundu. "Ni mkono wa kulia, haujui adabu."

Nilikishika. Kilijaa hata sikuweza kukinyanyua. Kila nikijaribu kahawa inanimwagikia vidoleni, inaniunguza, nami nimekishikilia tu nakitazama. Fadwa akaninong'oneza, "Wifi, kinywe basi, watu wanakutazama."

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyelijaza. Maysun aliniambia themanini na tano, nichomoe, nikamwahidi. Nikaacha waya mpaka mia. Na madebe niliyaficha mimi. Hakusahau kitu. Ibtisam, mkono wako nimeuvunja mimi, nikiwa jikoni kwangu nakanda mikate."

Nilidhani nimesema kwa sauti ndogo. Upande wa pili wa pazia shemeji alikuwa amekatiza hotuba yake katikati.

Ibtisam akaketi karibu nami. Hakucheka. Akaniambia, "Mia? Sisi tuliokuwa tunaomba hita mwezi mzima ametukatalia, wewe umempa mia?" Halafu akacheka, akalia, vyote pamoja. "Ummu Maysun, unajua kwa nini binti yako anapanda mlima huu kila siku?"

"Kwa sababu ya kazi."

"Kazi iko chini. Tangu Septemba mjane wa mlinzi wa shule anampa chumba yeye na Rula, kina jiko, kina soketi, Jumapili hadi Alhamisi. Rula alikitaka sana, ila msichana hawezi kukaa peke yake. Maysun akakataa. Alisema, mama yangu tangu baba afe akibaki peke yake hali, halali, anakaa dirishani."

Mimi! Mimi niliyeandika katika daftari hili kwamba umeme wote unatoka kwangu.

Ibtisam akasimama, akasogelea pazia, akasema kwa sauti ya mwalimu wa wavulana: "Abu Hamza! Mwambie mgeni anywe kahawa yake. Binti hana kosa, na mama yake nimeshamsamehe, mkono ni wangu."

Kisha tukasikia Abu Hamza: "Mmemsikia mwenye mkono. Kunywa, Abu Muhannad." Na tukasikia kikombe kinanyanyuliwa.

Njiani kurudi Fadwa alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu. Akasema tu, "Mimi pia ningejaza, wifi." Miaka thelathini ya uwifi, ndilo neno zuri kuliko yote aliyowahi kunipa.

Jumamosi, 14 Desemba

Nilimwambia Maysun nimesema mbele ya watu. Alikuwa anasahihisha madaftari.

"Haikuwa lazima, Mama."

"Na chumba cha mjane?"

Kalamu ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Nakula," nikasema. "Nalala. Nitakaa dirishani kwa sababu ni dirisha langu. Utahamia huko."

"Mama, wewe ukibaki peke yako..."

"Nina umri wa miaka hamsini na tisa, niliongoza darasa la wasichana thelathini na mmoja. Utahamia."

Tuligombana hadi adhuhuri. Sikumshinda kwa hoja, nilimshinda kwa kuanza kukunja blanketi zake.

Jumapili, 22 Desemba

Gari limetoka kwa Abu Laith na breki mpya, upande mmoja una mikwaruzo kama limepigana na paka. Nilichomoa mwenyewe. Themanini. Nimeitazama mara tatu. Buti nimeiacha tupu, isipokuwa blanketi zake na mtungi mdogo wa mafuta, mdogo, nimeuonyesha kabla sijauweka.

Saa moja na robo akanipigia. "Tisini na sita chini ya mlima, Mama."

Alasiri saa kumi nilitoka barazani. Nimesimama kidogo, kisha nikakumbuka: harudi mpaka Alhamisi. Waya ulikuwa umening'inia dirishani, haujashika kitu. Nikarudi ndani nikawasha mashine ya kufulia. Nikawasha pasi. Nikaweka birika la umeme, nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikingoja fyuzi iruke. Haikuruka. Vyote vilikuwa vinanguruma pamoja, nyumba nzima ina umeme, na mimi sina nguo hata moja ya kupiga pasi isipokuwa zangu.

Jumanne, 24 Desemba

Nimekula. Naandika ili niweze kumwonyesha.

Alhamisi, 26 Desemba

Mvua tangu asubuhi, na upepo ule ule wa siku aliyorudi na moja. Fadwa akaja kungoja nami, kaleta ufuta, hakuitaja pikapu hata mara moja. Anasema mwalimu mkuu alimwambia Muhannad mwaka ukiisha hivi jina la Maysun halirudi popote. Siku moja iliyobaki bado ipo, haijaguswa.

Saa kumi kasorobo gari likatokea konani. Linakuja kwa mwendo wake, si mbio, si kutambaa. Vioo vyote vilikuwa na ukungu kwa ndani.

"Anaonaje njia na vioo hivyo?" Fadwa akauliza.

Maysun akafungua mlango. Hewa ikatoka mle ndani ikanipiga usoni, nikadhani nimefungua tanuri. Alikuwa amevua koti.

"Umerudi na ngapi?"

"Kumi. Nimejaza kwa mjane kabla ya kupanda, Mama. Kupanda mlima, kujaza mia hakudhuru, nimewasha hita njia nzima."

Nikamshika mikono yote miwili, na mvua inatunyeshea. Fadwa anatupigia kelele tuingie. Sikuiachia. Ilikuwa na joto, mpaka kwenye ncha za vidole.